Kisu Kizuri Hujulikana Kinapofungwa

Wadogo zangu wa kazi ya visu, mwandiko huu mtauvumilia. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika tupa kuliko kalamu. Tupa ina uzito, inajua inakokwenda. Kalamu ni nyepesi, inateleza, na mstari unapanda mlima bila kuniuliza. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni mlivyozoea nyie, sitakasirika. Tena naandika polepole. Ukurasa huu niliuanza kabla ya kuinjika maji, na sasa vyombo vimeshaoshwa.

Nasikia mnaniita mstaafu huko Shanwe, na mnacheka. Chekeni tu. Sina hata unywele mmoja mweupe, lakini banda la visu nimeliacha kwa sababu ya jicho, na sasa nalima maharage huku Mwese. Mmoja wenu alipopanda na pikipiki kununua maharage aliniuliza, “Dada Kabula, hivi kisu kizuri cha mfukoni ni kipi?” Mnanijua aibu yangu. Nikaangalia chini, nikasema, “Kinachokata.” Akafunga gunia lake, akaondoka. Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo. Wembe unakata, na chupa iliyovunjika inakata, ila hakuna anayevitia mfukoni. Ndiyo maana naandika.

Nilivyoingia kazini ni hivi. Baba yangu ni mfugaji, na siku moja alinituma nipeleke kisu chake cha kukunja kwa Fundi Pius kikanolewe. Fundi Pius alikuwa Mfipa mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mtu mwingine. Nilikaa pale nikamwangalia anavyonoa mpaka akamaliza. Kesho yake nikarudi.

“Leo umeleta nini?” akaniuliza.

“Sijaleta kitu.”

“Basi shika hiki.” Akanipa mpini wa mninga na kipande cha msasa, akaendelea na kazi yake. Sikuondoka tena. Jina langu hakulijua kwa muda mrefu, maana hakuuliza, na mimi sikuthubutu kusema. Aliniita “wewe wa msasa”.

Kilichonitesa sana mwanzoni ni wateja. Mtu akija na kuanza kuongea, mimi namezwa na ardhi. Fundi aliliona hilo. Akaniambia, “Usimwangalie mteja usoni kama unaogopa. Mwangalie mikono. Uso wa mtu unadanganya bei, lakini mikono itakwambia anataka kisu gani.” Tangu siku ile nikawa naangalia mikono, na nawashauri nyie pia, hata nyie wenye midomo mirefu. Mwenye vidole vifupi usimpe mpini mnene. Mwenye kucha zilizoliwa na kazi usimpe kisu kinachofunguliwa kwa kucha, mchimbie tundu kwenye ubapa apate pa kushika. Mwanamke anayemenya mihogo sokoni kutwa nzima, mpini wake usiwe na kona hata moja, kona ile itamtoa lengelenge kabla ya saa sita.

Kulikuwa na mlina asali wa Inyonga aliyekuja na kisu kimefungwa hakifunguki. Alikuwa amekiweka mfukoni baada ya kulina, asali imeingia kwenye maungio na kukauka pamoja na nta.

“Nimekivuta kwa koleo,” akasema, “nimekivuta kwa meno, nimemwita na shemeji akavuta. Hakijui ndugu.”

Fundi akakitumbukiza kwenye sufuria la maji ya moto lenye majivu. Tukapiga hadithi. Baada ya muda kikafunguka chenyewe majini kama kipepeo.

“Sasa nakipaka mafuta ya alizeti kisirudie,” mlina asali akasema.

“Ukikipaka alizeti utarudi hapa na shemeji,” Fundi akamjibu. “Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma yanageuka ulimbo. Tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Tena chagua kisu ambacho mpini wake umeachiwa upenyo, ukichungulia uone mwanga upande wa pili. Uchafu ukiingia juu utokee chini.”

Hilo lishikeni. Kisu cha kila siku kitaingia kwenye asali, kwenye mchanga, kwenye tumbaku, kwenye utumbo wa kuku. Kama hakina njia ya kutolea uchafu, ni sanduku la uchafu lenye makali.

Halafu kuna wanaotaka kisu kirefu. Mzee mmoja wa Kisukuma alikuja na fimbo yake begani, akasalimia, “Mwangaluka, mayu.” Nikaitika nikiangalia mikono yake. Akataka kisu cha kukunja chenye ubapa wa urefu wa kiganja na nusu.

Fundi akamuuliza, “Babu, unachinja tembo?”

“Nakata kamba za ng'ombe.”

“Kamba zako zina unene wa tembo?”

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akaondoka na kisu ambacho ubapa wake haukuzidi upana wa kiganja chake, na baadaye akawaleta wanawe wote. Ubapa mrefu unajipinda na unalegeza ribiti, ule msumari wa kwenye maungio, na ukiinama kuokota kitu unakuchoma nyonga. Kisu cha mfukoni ni cha mambo madogo, na siku ya mtu, mkihesabu vizuri, imejaa mambo madogo.

Kuhusu chuma, msinisikilize sana, kila fundi ana dini yake. Sisi tulitumia misumeno ya mbao iliyochoka. Kilikuwa chuma kizuri kisichohitaji kupikwa tena, mradi usikiunguze. Hapo ndipo mashine zilipotuletea shida. Zamani Fundi alikuwa akichonga ubapa wote kwa tupa, asubuhi mpaka mchana. Grinda ilipokuja, kazi ile ikawa ya muda wa kunywa chai. Lakini grinda ina moto. Ukiona rangi ya bluu inatokea ukingoni kama mafuta kwenye dimbwi, makali yale yamekufa, utayanoa leo na kesho yamelala. Chovya kwenye maji kila mara, gusa kwa kidole. Kidole kikikataa, na chuma kinakataa.

Na vaeni miwani. Mimi niliivaa kichwani, juu ya kitambaa, kama pambo. Chembe ilirukia jicho la kulia, ikatolewa hospitali, lakini ukungu ukabaki. Daktari akasema cheche sasa basi. Sitaki kuliongea zaidi ya hapo. Vaeni tu.

Nimezunguka sana. Nilitaka kusema jambo moja, na jambo lenyewe ni kufunga.

Angalieni mnunuzi yeyote pale sokoni. Anafungua kisu, anajaribu makali kwenye kucha, ananyoa malaika mawili ya mkononi, anatabasamu, anatoa pesa. Hakuna anayekifunga taratibu akaangalia. Mimi pia nilikuwa hivyo. Lakini fikirini: unapofungua kisu macho yako yapo hapo, kazi iko mbele yako. Unapofunga, kazi imeisha. Chungwa limeshamenywa, kamba imeshakatika, mtu anakuita, roho yako imeshaondoka. Wengi wa waliokuja kwetu na kidole kimefungwa kitambaa walikatwa wakifunga.

Hili sikulijua kwa akili yangu. Lilinifundishwa na Fundi Pius alipopata kiharusi.

Alianguka kanisani, kwenye benchi, katikati ya wimbo. Alirudi nyumbani akiwa hai, tunashukuru, lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na maneno yalikuwa yanatoka moja moja kama maji ya bomba la jioni. Mimi nikaendelea na banda. Kila nikifunga nilipita nyumbani kwao kumpa habari za kazi. Mkewe, Mama Agata, ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na moyo wake ni mkubwa kuliko sauti.

Jioni moja nikamkuta Fundi ameketi barazani, mbele yake sahani ya miwa iliyokatwa vipande vidogo vidogo, nzi wanatembea juu yake. Hajagusa.

“Hataki kula,” Mama Agata akaniambia. “Nakata mwenyewe, nalainisha, hali. Muulize wewe mwenzake.”

Nikamwangalia Fundi. Akasema polepole, “Mimi... si... mtoto.”

“Nani amesema mtoto?”

“Kisu... changu... kiko wapi?”

Mama Agata akaweka mikono kiunoni. Alikuwa amekificha. Wiki iliyopita Fundi alikifungua kwa meno, akamenya muwa vizuri tu kwa mkono wa kushoto huku ameubana kwa magoti, halafu akajaribu kukifunga kwa kukikandamiza kwenye paja. Springi yake ilikuwa kali, kazi ya mikono yake mwenyewe. Kikafunga kwa kishindo juu ya vidole viwili vya mkono ule mmoja uliobaki. Vilikuwa bado vimefungwa kitambaa.

“Amebakiwa na mkono mmoja,” Mama Agata akasema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. “Akiukata huo nao, Kabula, nitamlisha kwa kijiko mpaka tufe. Sikirudishi.”

Fundi akageuza uso ukutani. Nyie hamkumjua. Mtu huyu alikuwa hatoki nje ya mlango bila kisu, hata kwenda kwenye ubatizo. Alikuwa akisema mtu asiye na kisu kila saa ni mgeni, maana lazima aombe. Sasa alikuwa mgeni kwenye baraza lake. Nilitembea kurudi nyumbani nikijua kwamba wote wawili wana haki, na kwamba kama sitapata kisu ambacho Mama Agata atakikubali, mwalimu wangu atakaa akiangalia ukuta ule mpaka mwisho.

Cha kwanza nilikitengeneza bila springi, ribiti tu, legevu, kinafunguka kwa kidole gumba. Nikajiona nina akili. Mama Agata akakishika mpini akakitikisa mara moja. Ubapa ukatoka wenyewe, ukaning'inia kama ulimi wa mbwa.

“Hiki akiinama kitamchoma paja,” akasema. “Rudi nacho.”

Cha pili nikakitia springi, lakini laini, na tundu kubwa kwenye ubapa la kusukumia kwa gumba. Fundi alikifungua kwa kushoto bila meno. Macho yake yakawaka. Mama Agata akamnyang'anya kabla hajakifunga.

“Subiri.” Akaingia jikoni, akarudi na bamia mbili mbichi. Akazilaza kwenye mpini, pale vidole vinapokaa, akakandamiza mgongo wa ubapa kwenye paja lake. Tap! Nusu ya bamia ikaruka mpaka kwa kuku.

“Hicho ndicho kidole chake,” akasema. “Tena hiki springi yake ni laini, eti.”

Kuku wakala kidole cha Fundi. Yeye mwenyewe alicheka, kicheko cha upande mmoja, cha kwanza tangu aanguke. Mimi nilitaka kulia.

Sasa niwaeleze kidogo mambo ya ndani, hata asiye fundi ataelewa. Mwisho wa ubapa, ule unaoingia kwenye mpini, sisi tunauita kisigino. Springi iko mgongoni mwa mpini na inakikandamiza kisigino wakati wote. Fundi Pius alitufundisha kukiviringisha kisigino kwa tupa mpaka kiwe kama punje ya mtama, ili ubapa upite laini kutoka kufunguka mpaka kufunga. “Kisu kinachogota njiani ni kisu cha fundi mvivu,” alikuwa akisema. Ukimletea kisigino chenye kona alikurudishia bila kukuangalia. Nimekesha, samahani, nimeshinda siku nzima kwenye kona hizo. Na wateja walipenda. Tap, kimefunga, kama mlango wa gari jipya.

Kisu cha tatu nilikuwa nimeanza kukichonga kisigino. Kwanza unakata mraba, halafu unaondoa kona. Kabla ya kuondoa kona nikataka kujua springi ina nguvu gani, nikavipachika kwa muda, msumari mahali pa ribiti. Na kwa sababu siku hizo kila kitu nilikijaribu kama Fundi, nilikuwa nimejifunga mkono wa kulia kiunoni kwa khanga. Jirani yetu wa banda la pili, muuza matairi, alinikuta hivyo.

“Kabula, umekamatwa na nani?”

“Nenda zako.”

Nikakifungua kwa gumba la kushoto. Nikaugeuza mgongo wa ubapa kwenye paja, nikakandamiza. Ubapa ukaja nusu ya njia, ukasimama. Umesimama wima kabisa, kama mtu anayepiga hodi. Springi imekaa kwenye upande wa mraba na haitaki kuondoka. Vidole vyangu vilikuwa kwenye njia ya makali, na makali yalikuwa yananingoja. Nikavitoa vidole taratibu, nikavipeleka mbavuni mwa mpini. Nikakandamiza tena. Kikafunga.

Nilikaa pale na mkono mmoja umefungwa, nikarudia. Kinasimama kila mara. Muuza matairi akaniuliza tena kama niko salama, nikamwambia nipe mtu wa kunifungua hili fundo.

Sikuziondoa kona. Nikazisugua kwa msasa mwembamba tu zisikwaruze. Tena nikaacha sehemu ya chini ya ubapa, karibu na maungio, bila kunoa, upana wa kidole. Fundi alikuwa akinoa mpaka ndani kabisa, ilikuwa fahari yake. Lakini kidole kikisahaulika njiani, ile sehemu butu ndiyo inatangulia kukigonga, na kugongwa si kukatwa. Mpini nikauchonga kwa mkono wa kushoto, mnene kidogo tumboni, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa zimepungua na kitu chembamba kilikuwa kinamtoroka.

Nikakipeleka. Mama Agata alikuwa ameshaweka bamia tayari, kama mtu anayejua kesi itakwishaje. Akazilaza, akakandamiza. Ubapa ukasimama wima. Akautazama.

“Kimekwama.”

“Hakijakwama, mama. Kinakusubiri. Toa vidole.”

“Hivi si vidole, ni bamia.”

“Basi toa bamia.”

Akazitoa, akakandamiza, kikafunga. Akarudia na bamia zikiwa ndani, akakandamiza kwa nguvu zake zote mara moja. Ukasimama, halafu ukapita, lakini ile sehemu butu ikagonga bamia na kubaki hapo. Bamia zilipondeka kidogo, hazikukatika. Akazinusa, sijui kwa nini.

Fundi alikuwa akiangalia yote haya. Akanyoosha mkono wa kushoto. Mama Agata akampa, lakini akabaki amesimama karibu. Fundi hakukifungua kwanza. Alikileta machoni, akaangalia kisigino kwa upande, akaona kona. Uso wake ukabadilika.

“Cha... mvivu,” akasema. Akakiweka kwenye mkeka. “Mimi... nilikufundisha... hivi?”

Wadogo zangu, tangu nizaliwe sijawahi kumjibu mtu mkubwa. Nilitamani kuondoka. Lakini nilimwangalia mikono, kama alivyonifundisha. Mmoja ulikuwa umelala kwenye mapaja kama mgonjwa wa pekee, na mwingine una kovu jipya kwenye vidole viwili.

“Fundi,” nikasema, “wewe si mvivu. Ila una mkono mmoja.”

Hakuna aliyekuwa amemwambia yeye mwenyewe neno hilo usoni. Walisema “mkono umechoka”, “mkono utarudi”, “Mungu yupo”. Mama Agata alishika bamia zake kifuani. Kuku mmoja alipanda barazani na hakuna aliyemfukuza.

Fundi akakiokota kisu. Akakifungua kwa gumba. Akageuza mgongo wa ubapa kwenye paja, akakandamiza, kikasimama. Akautazama ubapa umesimama, akasogeza vidole kimoja kimoja, vile viwili vyenye kovu mwisho. Akakandamiza. Kikafunga. Akafungua tena. Akafunga. Aliendelea hivyo mpaka mimi na Mama Agata tukakaa chini.

“Nani... alikufundisha... kuacha kona?”

“Hakuna. Wewe ulinifundisha kuziondoa.”

Akatikisa kichwa. Akakilaza kisu kwenye kiganja akakipima uzito. Mwishowe akasema, “Kona ya juu... imezidi. Ipunguze... kidogo.”

Nyie mnaomfahamu fundi yeyote mkubwa mnajua maana yake. Akikusifu, hajakiangalia. Akikwambia punguza kidogo, amekipokea. Nilitoa tupa ndogo kwenye pindo la khanga yangu, nikaipunguza pale pale akinielekeza kwa kidevu.

Tangu hapo nilitengeneza vingi vya namna ile. Vijana wa pikipiki hawakuvipenda, walisema vinachelewesha. Lakini walikuja wazee, akaja mama mmoja mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, na akaja mlina asali anayekata akiwa amening'inia mtini, mkono mmoja umeshika tawi. Huyu alinunua viwili. Kwa hiyo mkiniuliza leo kisu kizuri ni kipi, sitasema kinachokata. Kisu kizuri kinakumbuka vidole vyako wakati wewe umevisahau. Makali atanoa yeyote.

Lakini siku ile bado haikuwa imeisha. Fundi, baada ya kuridhika, alitaka kukitia mfukoni. Suruali zake zote zilikuwa na mfuko mmoja mdogo wa kisu, kwenye paja la kulia, alivyozoea maisha yake yote. Akaupitisha mkono wa kushoto juu ya tumbo, akainama upande, akautafuta mfuko. Hakuufikia. Akajaribu kwa chini ya mguu. Kisu kikaanguka kwenye mkeka. Nikainuka nimsaidie, Mama Agata akanishika khanga.

“Kaa.”

Akamwangalia mumewe akijaribu tena. Kisha akasema, “Baba Agata, vua hiyo suruali.”

“Mbele... ya binti?”

“Basi kaa hivyo hivyo.” Akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua suruali nyingine iliyokuwa imekauka, akaleta wembe na sindano. Akaketi kando ya Fundi. Akaufumua mfuko wa kulia, uzi kwa uzi, bila haraka, akautoa mzima kama mtu anayetoa jani kwenye mti. Akaulaza kwenye paja la kushoto, akaupima kwa macho.

“Juu... zaidi,” Fundi akasema.

“Nyamaza. Mimi nimekufundisha visu?”

Akashona. Jua lilikuwa kwenye mabati ya jirani. Alipofika kwenye kona za mfuko akarudia uzi mara nyingi, kwa sababu kona ndizo zinazobeba uzito. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akaitandika suruali juu ya miguu ya mumewe kama blanketi, mfuko ukakaa mahali pake. Fundi akachukua kisu kwenye mkeka, akakiteremsha. Kikazama chote. Akapapasa juu ya kitambaa, mara moja, halafu akauacha mkono wake pale.

Mama Agata akamsogezea muwa mzima, haujamenywa, akaenda zake jikoni.

Nimefika mwisho wa karatasi. Nina ombi, na mlifikirie kabla ya kuanza kucheka mwandiko. Waangalieni wazee wenu na wagonjwa wenu huko mliko, anayetumia mkono mmoja, anayetetemeka, asiyeona vizuri. Angalieni kisu chake kinakaa mfuko upi na anakifunga vipi, au nani amekificha na kwa nini. Halafu niandikieni, hata kwa mistari mitatu iliyopinda. Mpeni yeyote anayepanda Mwese kuchukua maharage, atanifikishia. Nitajibu, ila mnipe muda.

Dada yenu wa msasa,
Kabula